Miaka mitatu mama anachomwa sindano za baridi yabisi, kumbe hata jina la ugonjwa hatukulijua

#1 Mgogo wa Makulu (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu. Leo nina chaji na nina hasira kidogo, ngoja niumalize. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mama yangu ana miaka 58, yuko Chamwino. Shida yake niliigundua jikoni. Nilienda kumsalimia Pasaka nikakuta ugali wa uwele anausonga mdogo wangu. Anayemjua mama ataelewa kwa nini nilishtuka, maana yule hajawahi kumwachia mtu mwiko wake. Nikamuuliza kulikoni, akasema, "Baridi tu mwanangu, vidole vimekaza."

Kesho yake niliamka alfajiri nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono yote miwili ameitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto, anasubiri vidole vikubali kukunja. Alikaa hivyo mpaka jua likafika dirishani. Kisha akajifunga kanga, ncha moja ameishika kwa meno kwa sababu vidole havikuweza kuvuta fundo. Vifundo vilikuwa vimeumuka kama tangawizi, mkono wa kushoto sawasawa na wa kulia.

Zahanati wakasema baridi yabisi. Sindano ya diklofenaki, vidonge, rudi nyumbani. Afueni siku tatu, kisha yale yale. Kituo cha afya nako baridi yabisi, sindano ile ile. Mwaka wa pili tumbo likaanza kumuunguza kwa zile dawa za maumivu, na vidole vikaanza kupinda.

Hapo ndipo jirani akaleta unga. Umefungwa kwenye karatasi, hauna jina wala tarehe, kijiko kimoja kwenye uji asubuhi. Wakuu, siku ya pili mama alisonga ugali. Siku ya nne alibeba ndoo. Tulimshukuru Mungu na muuza unga, sijui nani tulimtanguliza. Miezi minane ilipita hivyo. Uso ukajaa ukawa wa duara, tukasema mama kanenepa, dawa imempenda. Ukimgusa ngozi inaacha alama ya zambarau. Tukapima sukari, iko juu, tukasema ni umri.

Kisha muuza unga akahama, unga ukaisha. Haikupita wiki mama akaanguka: anatapika, presha imeshuka, hawezi hata kuinua kichwa. Tulimkimbiza hospitali kubwa. Daktari kijana kabisa alimwangalia uso, akamwangalia mikono, akaniuliza swali moja tu: "Alikuwa anatumia unga gani?"

Kwa maelezo yake, dalili zote zilionyesha unga ulichanganywa na steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe. Wa kupima haukubaki hata chembe, kwa hiyo siwezi kuapa. Alinifafanulia kwamba mwili hutengeneza homoni ya aina hiyo kwenye tezi zilizoketi juu ya figo. Ukimpa mtu kutoka nje kila siku kwa miezi, tezi zinalala. Ukikata ghafla, za ndani hazijaamka na za nje hazipo. Mtu anaweza kufa hivyo hivyo.

Walimtibu akatulia. Ndipo wakachukua damu kwa vipimo viwili vya kinga inayougeukia mwili wenyewe, RF na anti-CCP, vyote vikarudi juu. Picha ya mikono ikaonyesha kingo za mifupa zimeliwa kama mahindi yenye fukusi. Jina likapatikana: rumatoidi. Kinga ya mwili wake mwenyewe inashambulia utando wa maungio.

Waliomchoma sindano sina neno nao sana. Hasira yangu ni kwa hili neno baridi yabisi. Ni kapu. Kila kinachouma kwenye kiungo tunakitupia humo, na ukishatupia humo hakuna tena anayeuliza ni nini.

#2 Zabibu Chachu

Pole sana mkuu, na mama pia. Ila tusiende mbali. Upepo wa hapa Dodoma Juni na Julai, ule unaopita dirisha likiwa limefungwa, utaniambia hauingii kwenye mifupa? Magoti yangu yanajua msimu kabla ya mamlaka ya hali ya hewa.

#3 Mgogo wa Makulu

Zabibu Chachu, hata mimi nilimuuliza daktari hivyo hivyo. Akasema baridi inaweza kukufanya uhisi maumivu zaidi, lakini haitafuni mfupa. Mama alikuwa anakaza vidole hata Oktoba, jua la kupasua mawe.

#4 Muuguzi Mstaafu

Mwanangu umeandika vizuri, na mimi ni mmoja wa waliochoma hizo sindano miaka mingi. Nikubali hilo kwanza.

Ningekuwa kazini leo, kabla ya kushika bomba ningemuuliza mgonjwa maswali machache. Vidole vinakaza asubuhi kwa muda gani? Anayesema dakika kumi na goti ndilo linauma jioni baada ya kazi, huyo mara nyingi gegedu limelika kwa umri, uzito au jeraha la zamani. Ndilo lile watu wanaita ute umeisha. Anayesema saa nzima na zaidi, vidole vidogo vya mikono yote miwili, hasa akiwa mwanamke, huyo usimrudishe nyumbani na diklofenaki. Mpeleke akapimwe haraka, kwa sababu rumatoidi inaharibu mfupa mapema na ulioharibika haurudi.

Akisema ilianza usiku mmoja ghafla, kidole gumba cha mguu, hata shuka halivumiliki, hiyo ni gauti mpaka ithibitike vingine. Wazee waliita jongo. Kiungo kimoja kikivimba kikawa cha moto na mgonjwa ana homa, hapo usisubiri kesho, inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo.

Na kuna moja tunaisahau sana huku kwenye mifugo: bruselosi. Homa inakuja na kuondoka, jasho la usiku, kiuno na nyonga zinauma, na ukimuuliza anakwambia anakunywa maziwa mabichi au alimsaidia ng'ombe kuzaa. Nimeona watu wakitibiwa malaria mara tatu, kisha baridi yabisi mara tatu, kumbe ni hiyo. Ina dawa zake za antibayotiki, za wiki kadhaa, na inapona.

#5 Tiba Asilia Halisi

Ndugu msihangaike. Ninayo dawa ya mizizi, siku 7 tu baridi yabisi kwaheri, haina kemikali. Njooni inboksi.

#6 Mnada wa Msalato

Umesoma uzi au umeona neno "unga" ukakimbilia?

#7 Muuguzi Mstaafu

Simkatai mganga. Lakini dawa ya mizizi inayonyoosha vidole vilivyokaza miaka miwili ndani ya saa 24, mimi naiogopa. Wepesi wa namna hiyo ni tabia ya steroidi, yaani prednisoloni na deksamethasoni. Na ndugu zangu, ambaye mgonjwa wake anatumia kitu cha namna hiyo sasa hivi, ASIMKATE ghafla baada ya kusoma hapa. Ampeleke hospitali na pakiti mkononi.

#8 Mnada wa Msalato

Basi na mimi niseme yangu, jina langu linajieleza. Jumamosi mnadani, mbavu za mbuzi, ndizi, bia sitaki kuzihesabu hadharani. Saa 8 usiku kidole gumba cha mguu kikawaka. Mke wangu alipopita na upepo wa kanga tu nilipiga kelele. Mama mkwe akasema nimekanyaga kitu kilichotegwa, akaanza kumtafuta aliyetega.

Nilipimwa asidi ya yuriki siku ile ile, ile taka ya damuni inayoganda kuwa fuwele za gauti kwenye kiungo, ikaonekana ya kawaida, nikaambiwa si gauti. Nikatulia, nikarudi mnadani. Baada ya miezi mitatu tena. Mtaalamu mwingine akanieleza kwamba wakati wa shambulio kiwango kinaweza kushuka, nirudi mguu ukishapoa. Niliporudi ilikuwa maikromoli 540 kwa lita. Lengo aliloniandikia ni kukaa chini ya 360.

Kosa la pili: nilipewa alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo, nikaambiwa miligramu 300 kila siku kuanzia leo. Wiki ya pili shambulio kubwa kuliko yote, nikazitupa chooni. Kumbe unaanza na 100 na kupanda taratibu, na miezi ya mwanzo unakingwa kwa dozi ndogo ya kolchisini, maana fuwele za zamani zikianza kuyeyuka zinachokoza kiungo. Hakuna aliyeniambia. Nilidhani dawa ndiyo adui.

Na jingine, vidonge vyangu vya presha vilikuwa vile vya kukojoza, haidroklorothiazaidi. Navyo huzuia asidi isitoke. Daktari akanibadilishia. Msijibadilishie wenyewe tafadhali.

#9 Zabibu Chachu

Kwa hiyo mbuzi hana kosa?

#10 Mnada wa Msalato

Ana kosa, ila si lote. Kwa wengi wetu tatizo kubwa ni figo kutoitoa ile asidi vizuri, na hilo wengine tumelirithi. Ndiyo maana unaweza kula mbuzi mmoja na jirani yako, yeye akalala fofofo. Bia na soda za sukari ndizo zilizoniponza zaidi.

#11 Maktaba Ndogo

Mleta uzi umesema "kapu", nimelipenda hilo neno, maana historia ya tafiti za magonjwa haya ni historia ya watu waliokuwa wanaligawa kapu.

London katikati ya miaka ya 1800, kila kiungo kilichovimba kilikuwa gauti au binamu yake. Daktari mmoja, Alfred Garrod, mwaka 1848 akaonyesha kwamba damu ya wagonjwa wa gauti ina asidi ya yuriki nyingi. Mashine za leo hakuwa nazo, kwa hiyo akabuni kipimo ambacho kingewezekana hata Kibaigwa. Anaweka majimaji ya damu kwenye kisahani, anatia asidi ya siki, anatumbukiza uzi wa kitani, anaondoka. Baada ya siku moja au mbili anautoa. Kama ni gauti, fuwele zimeng'ang'ania kwenye uzi kama umande kwenye utando wa buibui. Kwa hiyo huu si uzi wa kwanza duniani kunasa gauti.

Kwa kutumia tofauti hiyo, Garrod huyo huyo mwaka 1859 akalipa jina lake ule ugonjwa wa pili, wenye vidole vilivyovimba lakini uzi unatoka mtupu. Ndiyo rumatoidi ya mama yako. RF aliyopimwa ilielezwa na Erik Waaler wa Norwe mwaka 1940. Fuwele za gauti ndani ya maji ya kiungo zikaja kutambuliwa rasmi kwa darubini mwaka 1961, Marekani, na McCarty na Hollander.

Sasa kisa cha unga. Septemba 1948, Mayo Clinic, Marekani, daktari Philip Hench alimchoma kotisoni, steroidi hiyo hiyo, mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa karibu hajiwezi kwa rumatoidi. Baada ya siku chache alinyanyuka, akatembea, akaenda mjini kununua vitu vyake. Wakadhani wamepata tiba. 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Na karibu mara tu baada ya shangwe zikaanza nyuso za duara, sukari, mifupa kudhoofika. Mama yako amepita njia ile ile, hatua kwa hatua, miaka sabini na ushee baadaye, isipokuwa wale wagonjwa wa Hench walijua wanachomwa nini.

#12 Kijana wa Bahi

Shukrani kwa somo, lakini mkuu, zote hizo ni tafiti za wazungu kwa miili ya wazungu. Sisi huku nani anatupima?

#13 Maktaba Ndogo

Una hoja, na inauma. Mwaka 1993 watafiti walichapisha kwamba kijijini Nigeria walikotafuta hawakupata hata mgonjwa mmoja wa rumatoidi. Matokeo ya namna hiyo yakawa kama kauli kwamba Afrika vijijini haupo. Daktari aliyefundishwa hivyo atautafuta kwa mama wa Chamwino? Hapa nchini, miaka ya karibuni watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, pamoja na wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskochi, wamezunguka wilaya ya Hai, nyumba kwa nyumba, wakiwachunguza watu mwendo, mikono, miguu na mgongo. Na huko nako walilikuta jina la "ugonjwa wa baridi" midomoni mwa watu. Mimi natamani mzunguko kama ule Bahi, Kongwa, Manyoni.

Lakini si kweli kwamba hatumo kabisa. Chikungunya, homa inayokunja watu kwa maumivu ya viungo, iligunduliwa kwenye uwanda wa Makonde mwaka 1952 na 1953, na jina lenyewe ni Kimakonde, la kupinda mwili. Na Wahadzabe jirani zetu, wao na Wamasai walipimwa vitamini D, ile ambayo ngozi huitengeneza kwa jua, matokeo yakachapishwa 2012. Wastani wa makundi yote mawili ulikuwa 115 nanomoli kwa lita. Wanasayansi wa Ulaya sasa wanautumia kuulizana mtu aishiye juani anapaswa kuwa na kiasi gani. Watu 60 tu, lakini wamenukuliwa dunia nzima.

#14 Chungu cha Mlenda

Kama jua letu ni zuri hivyo, kwa nini mwanangu ana matege? Ana miaka mitatu na nusu, anashinda nje mpaka namfokea.

#15 Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, mtoto chini ya miaka miwili miguu kupinda kidogo ni kawaida. Miaka mitatu na nusu mpeleke, apigwe picha na apimwe damu. Jua peke yake halijengi mfupa, linasaidia kalsiamu iingie. Kama kalsiamu yenyewe haimo kwenye sahani, litaingiza nini? Kule Jos, Nigeria, watoto wenye matege walipewa kalsiamu, au vitamini D, au vyote viwili, na matokeo yakatoka 1999: waliopata kalsiamu, iwe na vitamini au bila, walipona vizuri kuliko wa vitamini peke yake. Uji wa nafaka tupu asubuhi mpaka jioni hautoshi. Maziwa yaliyochemshwa, na dagaa aliwe na miiba yake, umsagie. Na mnyooshe mguu kwa hospitali, usimfunge vijiti.

#16 Mnyaturu 77

Niongeze jingine la kutoa kapuni. Mimi ni wa Singida, nimekulia maji ya kisima. Niliposoma mbali walinicheka kwa meno ya kahawia, nikawa nacheka nimefumba mdomo. Hiyo ni floridi, madini yaliyo ndani ya maji. Kwenye meno ni aibu tu, lakini ukiinywa nyingi miaka na miaka inaingia kwenye mifupa. Baba yangu mdogo hageuzi shingo. Ukimwita anageuka mwili mzima kama lori. Naye miaka yote akisuguliwa mafuta ya baridi yabisi. Picha ikaonyesha uti wa mgongo mweupe mno, mfupa umejaa kupita kiasi.

WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu mwaka 1974 iliweka kiwango cha muda cha 8, baadaye 4, kwa sababu kwa kipimo cha WHO kungekuwa na vijiji visivyo na kisima hata kimoja cha halali. Na kuchemsha hakuitoi, maji yanapungua na floridi inabaki pale pale. Kule Ngurdoto, Arusha, wanachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mfupa uliochomwa unanasa floridi ili isifike kwenye mfupa wako.

Dada wa Chungu cha Mlenda, samahani kwa jina lako, lakini magadi nayo ni ya kuangalia. Watafiti wa meno walishapima magadi ya kaskazini, mengine wakakuta yamejaa floridi.

#17 Chungu cha Mlenda

Mlenda bila magadi? Hapo umenigusa pabaya. Mtoto nampeleka Jumatatu.

#18 Kijana wa Bahi

Mleta uzi, mama sasa anatumia nini? Shangazi yangu naye vidole ni hivyo hivyo.

#19 Mgogo wa Makulu

Methotreksati, na foliki asidi siku nyingine. Ni dawa iliyoanzia kwenye saratani, kwa dozi kubwa. Kwa viungo dozi ni ndogo, na tangu majaribio ya 1985 imekuwa nguzo ya rumatoidi. Steroidi naye anapunguziwa kidogo kidogo, safari hii kwa maandishi.

Nawaomba msome hapa taratibu: inamezwa MARA MOJA KWA WIKI. Siyo kila siku. Sisi tulikaribia kuharibu. Mdogo wangu aliona vidonge vidogo vya njano, akaona vingi, akataka kumpa kimoja kimoja kila asubuhi kama vya presha. Mfamasia alikuwa ameshatuonya kwamba kila siku inaua uboho, damu haitengenezwi tena. Tukaifunga kwenye Jumapili: mama akitoka kanisani, anakula, anameza, mdogo wangu anaweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Damu na ini vinapimwa kila baada ya muda. Shangazi asianze bila daktari, na kama bado yuko umri wa kuzaa aseme mapema, haifai kabisa kwa mimba.

#20 Zabibu Chachu

Na vidole vimerudi?

#21 Mgogo wa Makulu

Vilivyopinda vimepinda. Lakini beseni halipo tena chumbani, limerudi kufulia. Uvimbe umeshuka, kanga anafunga kwa mikono. Ilichukua kama miezi miwili kabla hatujaona chochote, na katikati pale aliniambia mara mbili bora ule unga.

Mwiko bado ni wa mdogo wangu. Jana usiku mama kanipigia, nikadhani kuna tatizo. Alitaka tu kujua ni nani aliyemfundisha huyu binti kusonga ugali mwepesi hivi kama uji wa mgonjwa, wakati mgonjwa mwenyewe hajauomba.